Kibao cha Juu ya Mlango

Nicheke, lakini nisikilize kwanza. Mimi ni mtu wa kukosa usingizi kwa ajili ya milimita moja. Useremala nilijifunza kwenye simu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa mtaa wa Kimemi, kwa Mama Kavira: kuzungushia mlango wa sebule vibao vya mapambo kabla wakwe hawajaleta mbuzi wa mahari ya bintiye.

Nilikata kila ncha kwa msumeno wa umeme, nyuzi arobaini na tano kamili. Mezani ziliungana vizuri. Mlangoni likabaki pengo la kidole. Nikalaumu msumeno, nikakata tena na tena, mpaka kibao cha juu kikawa kifupi mno kupigiliwa.

"Mais, ulipima mulango?" akauliza Mama Kavira, akianza kwa Kifaransa chake cha "lakini". "Hii nyumba ya udongo ilishaka lala upande!"

Pembe za mlango hazikuwa za mraba, nami sikuwa nimezipima. Na wakwe walikuwa tayari uani. Nikakishikilia kibao mahali pake kwa mikono miwili, jasho likinitoka, wao wakipita chini yake mmoja mmoja. Baba wa bwana harusi akasimama chini ya kibao, akaninyooshea mkono.

"Na uyu kijana ni wa nani? Hapana salimia batu?"

Kwetu mzee hupewa mikono yote miwili. Nikampa. Kibao kikatua kwenye kofia yake.