Kichocheo Mlangoni kwa Mwanabibi

Dola mia mbili za mradi zilimkuta Mwanabibi siku ya sitini ya eda. Mumewe Aboud alitoka na mashua. Mashua ikaokotwa ubavu umevunjika, naye akaokotwa maiti, akazikwa kisiwani Ngumi siku ya pili yake. Kisiwa kizima kililia, isipokuwa mkewe. Moyo ulikuwa umemfa ganzi. Akiletewa chakula hula, akiambiwa usiku umeingia hulala.

Karani wa mradi, Abdirahman, alitoka Kismayo na shati la pasi, kisiwa chote mchanga, jamani! Akaketi barazani, Mwanabibi nyuma ya pazia. Akaeleza kwamba pesa zile si sadaka wala mkopo, bali ni kichocheo cha uchumi.

"Biashara ikilala, mama, hutiwa pesa za kuiamsha. Wewe ununue, uliyemlipa naye anunue kwa mwingine, mpaka soko lisimame. Zikilala sandukuni hazichochei kitu. Siku thelathini zikipita hazijatumika, nitakuja kuzichukua."

"Kama pampu ya msikitini," Mwanabibi akasema. "Ikikauka koo humiminiwa kopo la maji ndipo ivute."

"Ndivyo hasa!"

"Na kisima kikiwa hakina maji?"

Hilo Abdirahman hakusomeshwa; akapitisha pedi ya wino chini ya pazia. Mwanabibi akatia kidole gumba kwenye karatasi, kisha akapokea noti kwa mkono ule ule, na noti moja ya kumi ikabaki na alama ya buluu.

Pale Ngumi mwenye eda haendi kununua wala kuuza. Wifi yake Bushra akaja kumsihi.

"Wifi, nitume mimi. Miguu ninayo. Mashua ikipona, kaka yangu Taha atavua nayo na watoto watakula."

"Kesho," akajibu Mwanabibi.

Kesho hiyo ikawa wiki tatu na zaidi. Hakuwa mkaidi, maskini. Alikuwa hajali tu, na asiyejali humshindi kwa maneno.

Siku ya ishirini na saba tangu apokee pesa, akamsikia bintiye, Sabah, akibisha kwa jirani.

"Mna ukoko uliobaki?"

Hakulia hata hapo. Ila aliinuka, akafungua sanduku, akamkabidhi Bushra noti zote. Mbao na ujira kwa Mukhtar, fundi wa mashua. Kamba kwa Bi Mariam, asokotaye kwake.

Bushra akawa anamletea habari kila siku. Mukhtar amenunua mchele dukani. Mwenye duka amechukua samaki kwa wavuvi. Mvuvi mmoja amenunua kamba kwa Bi Mariam. Mwanabibi akaitika "haya," kama anayesikia habari za mji asioujua. Abdirahman alipokuja mwisho wa mwezi, akaandika kwamba pesa zimetembea, akaenda zake ameridhika.

Siku ya mia ya eda, Taha alishusha mashua majini. Adhuhuri wanawake wakaingia kwa Mwanabibi, mmoja mmoja, wakaketi mkekani. Bi Mariam akafungua pindo la leso, akasema kwa Kibajuni chake.

"Siku ya msiba hachukuwa na kitu, mwanangu. Chulikuja mikono mitupu, chukaona haya. Aboud alikuwa mchu wetu. Leo chumepata. Pokea mkono wa tanzia."

Akamwekea noti kiganjani. Ilikuwa ya kumi, imekunjwa mara nne, yanuka samaki na mafuta ya taa. Mwanabibi akaikunjua, akaiona alama ya buluu. Akaweka kidole gumba chake juu yake, kikaenea.

Akaibana kifuani kwa mikono miwili.

"Nini, wifi?" Bushra akamshika bega.

"Inauma."

"Mwache," akasema Bi Mariam. "Ganzi ikitoka huuma."

Na Mwanabibi akamlilia Aboud kwa sauti, kwa mara ya kwanza.