Tulipoketi Uani kwa Mwanangu

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, usipambe. Unaniambia kwamba shuleni mnafundishwa habari za watu wa nchi za mbali waliowashinda wenye nguvu kwa kuketi tu, bila kuinua mkono. Mimi sikusoma. Lakini jambo hilo tulilikuta kwa mama zetu hapa Singida: mwanamume akiwaonea wanawake, wote huenda kuketi uani kwake. Hakuna amtukanaye wala amgusaye, kwa maana akiguswa atapata haki ya kulalamika. Ila salamu yake haiitikiwi.

Kiangazi kilichopita mwanamume huyo alikuwa baba yako. Usiweke kalamu chini. Alikizungushia miiba kisima cha mchangani kule mtoni, akafunga mashine ya kuvuta maji, maji yote yakaenda kwenye vitunguu vyake. Wanawake waliponijia hawakunishurutisha. Walisema, "Mama, wewe baki nyumbani, tunaelewa." Kuelewa kwao kuliniuma kuliko tusi. Nikachukua ndoo yangu tupu, nikafuatana nao.

Alitoka ndani akatukuta tumejaa uani.

"Shikamooni, mama zangu."

Jirani yangu akamgeukia mwenzake. "Hivi, boma hili lina mtu?"

"Mtu? Hapa panakaa vitunguu."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mwanangu akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

Tangu alipojua kusema sijapata kumnyima marahaba, hata siku nilizomchapa. Nikaitazama ndoo.

"Mama, ni mimi," akasema kwa sauti ya chini.

Nilijua kwamba nikiitikia, wanawake watainuka waende zao, na watoto wao wataendelea kunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Nikanyamaza. Akainuka, akachukua panga, akashuka mtoni kuiondoa miiba aliyoiweka mwenyewe. Hakuna aliyempigia kigelegele. Hilo nalo ni katazo.

Jioni wale wanawake walinitekea maji, wakayaleta hadi mlangoni, wakanishukuru mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Nimemzaa mimi, nikamlea mimi, nikamfundisha mimi. Na majirani wananishukuru kwa kuwasaidia kujikinga naye.