Kabla ya Kondishena, Uliza Maji

Mchana mmoja wa kiangazi, naukumbuka kama wa jana, bibi mmoja wa Mwanhuzi alinishika sikio mbele ya watu, akanivuta mpaka kwenye kichwa cha mchumba wangu, akanipa kitana. "Haya, mume wangu," akasema, "wewe ndiye fundi wa urembo. Chana." Kitana kiliingia upana wa ukucha kikagoma. Nikasukuma. Kikavunjika meno mawili. Mashangazi waliokuwa wamekaa pale wakaangua kicheko, ila mwenye kichwa hakucheka. Nikajua papo hapo kwamba nisipojikaza siku ile, nitarudi Bariadi na baiskeli yangu bila mke.

Mwanangu, najua swali lililokuleta. Wasichana wenye nywele ndefu mnaniuliza kila siku pale dukani kwangu: hii kondishena yenye silikoni nitumie au nisitumie? Mmoja ameambiwa na rafiki yake kuwa ni sumu. Mwingine ameambiwa na muuzaji kuwa ni dawa ya kukuza. Mimi nina jibu, na sijalipata kwenye simu. Nililipata kwa kubeba, viganja vikachunika. Sikiliza.

Shule niliiacha darasa la tatu, ng'ombe wa baba wakihitaji mchungaji. Lakini Mungu akikunyima daftari anaweza kukupa mdomo, na mimi mdomo nilipewa wa watu watatu. Zilipokuja zile enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa, bidhaa zikamwagika. Jana yake tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, leo yake Mwanza imejaa losheni, manukato na chupa za rangi zote. Wenye elimu wakabaki kujadili. Mimi nikafunga kasha la mbao kwenye baiskeli. Kasoli wakiuza pamba, nipo. Mwamapalala wakiwa na mnada wa ng'ombe, nipo. Mpaka Mwanhuzi kule kwenye ukame, nafika nimejaa vumbi kama kinyago, napiga kengele. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilivitembeza vyote viwili, na vyote viliisha.

Kule Mwanhuzi ndiko nilikompata Kabula. Alilelewa na bibi yake, Bibi Nkwimba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kabula alikuwa na nywele, mwanangu, nywele! Tangu alipomaliza darasa la saba na kuachana na wembe wa shule, hazikukatwa tena. Bibi yake alizisuka kwa uzi, akazipaka samli kidogo, akazifungua siku maji yanapopatikana tu. Zikifunguliwa na kuvutwa, zinashuka chini ya mabega. Kijiji kizima kilimjua kwa nywele hizo. Mahari yangu ilikubaliwa, harusi ikapangwa baada ya pamba kuuzwa.

Sasa, kijana akiwa na mchumba na ana mdomo, hakosi kujifanya mjuzi. Nilipata Mwanza chupa moja, kondishena hiyohiyo ya silikoni mnayoniuliza, nzito, ina picha ya mwanamke aliyemwaga nywele mpaka kiunoni. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza hata salamu sina. Kabula akaniuliza, "Hii inatumikaje?" Sikutaka kusema sijui. Nikasema, "Paka kila asubuhi kama mafuta. Usioshe. Iache iingie."

Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilijitungia palepale, na uso mkavu.

Wiki ya kwanza, ungemwona! Nywele ziling'aa kama mgongo wa ndama aliyenyeshewa. Kitana kinateleza chenyewe. Kwenye mnada wanawake wakamzunguka, wakamshika nywele, wakaja mbio kwangu. Nikauza chupa zote nilizokuwa nazo, nikarudi Mwanza kubeba nyingine, na njiani nilikuwa nikijiimbia mwenyewe. Ila wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipukutwa hamna kitu. Kule ni kukavu, mwanangu. Upepo wa kiangazi unabeba vumbi, na vumbi likikuta kitu cha kunata halina haraka ya kuondoka. Kabula akapaka juu ya vumbi. Vumbi likaja juu ya kupaka. Kesho yake tena. Kumbe kile kitu hakiingii popote; kinakaa juu, tabaka kwa tabaka, kama watu wanavyosiriba nyumba. Nywele zikawa nzito, zikafifia, zikashikana. Akaanza kufunga kilemba, hata ndani ya nyumba. Mimi nikidhani ni haya ya bibi harusi.

Mpaka siku hiyo mashangazi walipokuja kumsuka kwa ajili ya harusi, wakamvua kilemba. Ndipo nikaitwa, ndipo sikio langu likashikwa.

Bibi Nkwimba hakupoteza muda. "Leteni wembe," akasema.

Kwetu unajua, mtu mzima ananyolewa msibani. Bibi harusi akitoka na kipara, kila anayemwona atauliza nani kafa, na mwingine ataenda mbali zaidi aseme ndoa hii imezaliwa na msiba wake.

Kabula akainuka kwenye kigoda. Hakulia. Alinitazama mimi, si bibi yake.

"Sinyolewi," akasema. "Na hivi nilivyo siolewi. Masanja, wewe ndiye uliyeleta. Wewe utaondoa."

"Nitaondoa," nikasema.

"Kwa kitu gani?" akauliza shangazi mmoja. "Kwa huo mdomo?"

Bibi Nkwimba alichomoa kipande cha pamba kwenye gunia lililokuwa pembeni, pamba ya shambani, bado ina mbegu. Akachota maji kidogo kwa kata, akayadondosha juu yake. Yakakaa juu, mviringo, yakateleza yakaanguka. Hilo kila mtoto wa huku analijua: pamba ikitoka shambani hainywi. Kisha akadondosha tone kwenye nywele za Kabula. Nalo likakaa juu. Likateleza. Likaanguka.

"Umeona?" akasema, na sasa utani ulikuwa umemtoka. "Nywele za mjukuu wangu zina kiu, nawe umezifungia mlango. Hiki kitu chako ni cha watu wa bomba. Huko kilikotoka mtu anapaka, anafungua maji, kinaondoka. Hapa bomba liko wapi? Ulipompa chupa, baba, ulimpa na maji?"

Mwanangu, nimetukanwa na askari wa mnada, nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na watu wenye digrii. Hakuna neno lililowahi kunikaa kama hilo. Ulimpa na maji?

Nikachukua madumu, nikayafunga kwenye baiskeli, nikaenda mtoni.

Nikisema mtoni usifikirie maji yanayotiririka. Kiangazi ule mto ni mchanga mtupu, watu wanachimba shimo mpaka maji yachuruzike chini, wanachota kwa kata moja moja. Kisima cha karibu kilikuwepo, ila maji yake ya chumvi, sabuni haitoi povu. Ya mchangani ndiyo matamu. Na pale mchangani niliwakuta wachungaji na makundi yao, ng'ombe wamepanga foleni ndimi nje.

"Mwadila," nikawasalimu.

Wakaitika. Mmoja mrefu, mwenye fimbo begani, akatazama madumu yangu. "Maji ya kunywa?"

"Ya kuosha nywele."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Ya kuosha nywele! Ng'ombe wangu wanalamba mchanga, huyu anaosha nywele." Akanirudia mimi. "Hizo nywele zinatoa maziwa?"

"Zinatoa mke," nikasema.

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini kucheka si kupisha. Maji ya kule yana zamu, na zamu yao ilikuwa halali. Mwingine angeleta ugomvi. Mimi nikavua shati, nikaingia shimoni, nikawaambia, "Nitawachotea ng'ombe wenu wote mpaka watosheke. Kisha nijaze madumu yangu." Nikachota. Nikachota mpaka kata ikawa nzito kama shoka. Yule mrefu alikuwa juu ananihesabia ng'ombe wake kwa majina, tena polepole, kusudi kabisa. Jua likahama. Ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa, viganja vyangu vilikuwa vimechunika, na sijawahi kujaza dumu kwa utamu kama nilivyojaza yale. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia, mwanangu, nikatoka na maji.

Bibi Nkwimba alikwaruza sabuni ya mche, akaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu. Akamwosha Kabula kama anavyooshwa mtoto mchanga, shina kwanza, kisha urefu wote. Maji yaliyotoka yalikuwa ya udongo, yanateleza mkononi. Akasuuza. Akadondosha tone. Likateleza.

"Bado," akasema, akanitazama tu.

Nikapanda baiskeli. Kesho yake nikawa shimoni tena, nikawachotea tena, na yule mrefu akanipokea kwa kelele, "Mwenye nywele kaja!" Tukaendelea hivyo, mimi nabeba, bibi anaosha, mashangazi wanasogea kuangalia. Mpaka ikafika siku bibi akadondosha tone kwenye nywele, na lile tone likazama. Likapotea kabisa. Kabula alipapasa kichwa chake kwa vidole vyote kumi, ndipo machozi yakamtoka.

Ncha hazikupona. Zilikuwa zimechoka, zimekatika katika kule kushikana, bibi akazipunguza kwa mkasi. Zikabaki za mabegani.

Mimi nikataka kuonekana nimejifunza. Nikaichukua ile chupa, nikasema mbele ya wote, "Hii naenda kuitupa chooni."

"Utupe nini?" Kabula akanipokonya.

Ncha zilizobaki zilikuwa kavu, zinakamatana. Akatia tone dogo kiganjani, akapaka kwenye ncha tu, shina hakuligusa. Akasubiri kidogo. Kisha akaniambia, "Lete dumu la mwisho," akasuuza mpaka maji yakatoka safi. Akachukua kitana chenye meno yaliyobaki, akachana kutoka chini kwenda juu. Kikapita.

Bibi Nkwimba akakichukua kile kitana, akakipitisha tena mwenyewe. "Kumbe dawa yenyewe," akasema, "ni kuiondoa."

Siku ya harusi, Kabula akapita amesukwa vizuri, nywele zinapumua, wanawake wanapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele nikasikia sauti ndefu inatoka kule nyuma, "Jamani! Hizo nywele zimekunywa zamu ya ng'ombe wangu!" Alikuwa amekuja, yule mrefu, na fimbo yake. Tukampa sahani ya kwanza.

Mimi huyu unayeniona, niliyeshindwa kusoma chupa, ndiye niliyechimba kisima cha kwanza cha pampu mtaani kwetu. Watu walidhani natafuta biashara. Biashara ilikuja baadaye, na ilikuja vizuri, sikatai, nyumba zangu zinaonekana. Lakini nilichimba kwa sababu ya lile swali. Niliapa mwanamke wangu hatakuwa na kitu kichwani ambacho hana maji ya kukiondoa. Na walionunua kwangu chupa zile kwenye minada, niliwarudia mmoja mmoja kwa baiskeli ileile nikawaeleza, oshea sabuni, suuza. Wengine walinifukuza. Nilirudi.

Sasa pokea neno langu, nalo sitalibadilisha hata akija profesa. Silikoni si sumu, usimtie mwenzio hofu. Wala si chakula, maana hailishi nywele wala haiponyi ncha iliyopasuka. Ni koti. Koti zuri kwa nywele ndefu, kwa sababu ncha ya nywele ndefu ni kuukuu, imepigwa na jua na kitana miaka mingi, inahitaji kitu cha kuilainisha isisuguane. Basi livalishe ncha, shina liache lipumue. Tia kidogo kwenye nywele zilizooshwa, usipake juu ya vumbi. Kisha suuza. Binti yangu aliyesoma anasema zipo zinazoondoka kwa maji matupu, na zipo zinazotaka sabuni hasa, uipige povu kila baada ya muda. Kwa hiyo soma chupa, na usipojua kusoma, uliza, na anayekujibu haraka sana kama nilivyojibu mimi, mwulize tena. Ukiona nywele zimekuwa nzito, hazing'ai, dondosha tone la maji. Likizama, endelea. Likiteleza, acha kupaka, osha.

Na kama unakoishi maji ni ya kuchota kwa zamu, wiki nzima dumu moja, basi iache chupa dukani, hata dukani kwangu. Suka kwa uzi, paka samli yako kidogo, subiri mvua. Si ushamba huo. Bibi Nkwimba alikuza nywele zilizonipa mke bila chupa hata moja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na kichwa ukikipaka huna budi kukiosha.

Kabula bado anatumia, kila Jumamosi, kwenye ncha. Sasa zina mvi, na zimerudi chini ya mabega. Bomba lipo hatua chache tu, lakini maji ya kusuuzia namletea mimi, kwa ndoo, na akiniona nimechelewa anaita, "Mwenye nywele!"

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie kichwa chako na kilichomo. Akupe mvua kwa wakati wake na kisima kisichokauka. Na yeyote atakayekuletea kitu cha kung'aa, akupe na mkono wa kukubebea maji yake.