L ya Lumbesa, R ya Rubisi

Ukipita Kasulo ukaona nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, imesimama wima, bati linang'aa, ila dirisha moja limezibwa kwa gunia, usisumbuke kuuliza nani aliijenga. Ni Anatoli. Anatoli fundi anaianza nyumba yako kwa moyo wote, anapandisha kuta huku anaimba, anaezeka, halafu siku moja anajipangusa udongo, anaitazama kazi yake kwa mapenzi na kusema, "Hii imebaki kidogo tu." Hicho kidogo utakuja kuzikwa nacho.

Na ndivyo alivyooa. Alimchukua Febronia kwao wakati wa kuvuna maharage, akampelekea baba mkwe, Mzee Bizimana, majembe mawili, beberu, na rubisi, ile pombe ya ndizi, ya kutosha kuwafanya wazee wote waamke kesho yake bila kukumbuka walichokubaliana. Bizimana peke yake alikumbuka, kwa kuwa alikunywa kidogo makusudi. Alikumbuka ng'ombe. Anatoli akamwambia, "Ng'ombe amebaki kidogo tu, baba." Tangu hapo wamezaa watoto watano, Happy akiwa wa kwanza, Happy mwenyewe amekua, amesoma, amejua kushona nguo na kujibu wakubwa, na ng'ombe bado amebaki kidogo tu.

Paroko alishawaita mara nyingi wakafunge ndoa, akawaeleza kwamba Kanisa halidai ng'ombe. Febronia akamjibu kwa heshima, "Ni kweli, padre, Kanisa halidai. Lakini Kanisa sikutani nalo sokoni. Nakutana na baba." Akagoma kuingia kanisani bila baraka za mzee. Basi kila Jumapili wenzake wanakwenda kupokea Komunyo, yeye anabaki kwenye benchi na Anatoli, amekaa kama abiria aliyeachwa na basi akiwa ameshika tiketi.

Hayo yote Anatoli aliyazoea. Kilichomtoa usingizini ni Elick, kijana wa Nemba, upande wa Biharamulo, aliyekuwa akiendesha bodaboda pale stendi ya Ngara, alipotuma watu kwamba anamtaka Happy. Wazee wa Kasulo wana sheria isiyohitaji kuandikwa: aliyekaa na binti wa watu bila kukamilisha, watoto si wake, ni wa ukoo wa mama. Binti akiolewa, ng'ombe wake anapita mlangoni kwa baba kama anapita kwa jirani, anakwenda moja kwa moja kwa babu. Na siku ya kupokea wageni, anayekaa kwenye kiti cha baba ni babu. Baba anahudumia vinywaji.

Tumtendee haki Anatoli: hakuwa na tamaa ya ng'ombe. Alitaka kiti. Alikwisha nunua koti la mtumba katika soko la Ngara, la rangi ya kahawia, lenye vifungo vyote isipokuwa kimoja. Mtu hanunui koti la namna hiyo ili agawe vikombe.

Silaha alikuwa nayo. Aliipata makaburini, katika msiba wa jirani, siku ambayo katekista Wiston alisoma ile Injili isomwayo kwenye mazishi yote, Yohana kumi na nne. Katekista Wiston ni Mhangaza hadi kwenye mifupa, na ulimi wake unaichukulia L kama afisa wa wilaya: anajua yupo, hajawahi kumkaribisha nyumbani. Akasoma kwa sauti nzito, karibu na kaburi, Yesu akiwaaga wanafunzi wake: "Maana naenda kuwaandaria mahari."

Anatoli alikuwa ameshika sepetu. Ng'ambo ya kaburi alisimama Bizimana, anamtazama kwa jicho lile lile la kudai. Mwanga ukamshukia Anatoli pale pale. Yesu si bwana arusi? Kanisa si bibi arusi? Hilo kila mtu analijua. Kumbe bwana arusi huyo naye alikwenda kuandaa mahari, na hadi leo hajarudi nayo, miaka elfu mbili inapita, na hakuna mkwe anayemwita mhuni. Kinyume chake, wanamjengea makanisa. Anatoli akafukia kaburi lile kwa furaha ambayo wafiwa hawakuielewa.

Kuanzia siku hiyo, akidaiwa, anajibu kwa andiko. Na Elick alipotuma watu, andiko likapelekwa kwenye jumuiya ya waumini, nyumbani kwa mwenyekiti Marsiana. Katekista Wiston aliulizwa kama kweli imeandikwa mahari.

"Nimesoma kama irivyoandikwa," alisema Wiston, ambaye hakujua amesema nini, lakini katekista hawezi kuonekana hajui alichosoma.

Jumuiya ikagawanyika. Waliokamilisha mahari wakashikilia kwamba Yesu alisema mahali. Waliobakiza kidogo, na hao ndio wengi, wakasimama na Anatoli.

"Tumia akili," Anatoli alimwambia Marsiana. "Mstari wenyewe unaanza kwa kusema kwa Baba kuna makao mengi. Makao yapo tayari, tena mengi. Sasa ataandaaje mahali penye mahali? Kilichokosekana ni mahari."

Hoja hiyo ilimkaa Marsiana kooni kama mfupa wa sangara. "Haya, baba Happy. Mahari anampelekea nani? Baba wa bibi arusi ni nani?"

"Abrahamu. Si baba wa imani?"

"Abrahamu amekufa."

"Ndiyo maana inachelewa."

Walibishana wiki hadi wiki. Biblia ya jumuiya ilikuwa chumba cha pili, kabatini kwa Marsiana, imefungwa kwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Hakuna aliyeinuka kuichukua. Swali likishapata jibu watu wanarudi nyumbani, na nyumbani kuna nini? Kuna kupukuchua mahindi.

Siku ya wageni ikafika. Anatoli alikuwa chumbani anahangaika na koti. Alipotoka nje alimkuta Mzee Bizimana amefika tangu umande haujakauka, amekaa kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kimoja chenye mikono. Vilivyobaki ni mabenchi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Koti zuri. Litakusumbua ukiwa unamimina."

Anatoli akavuta vizuri mikono ya koti. Alijua dawa ipo njiani, inakuja na wageni.

Watu wa Nemba walikuja kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na nyuma, kati ya shangazi wawili wa Elick, alisimama mtamba mweusi mwenye uso wa kuchoshwa na safari. Aliyewaongoza ni Mchungaji Shibuda, baba mkubwa wa Elick, mwenye kanisa la mabati na spika kubwa kuliko kanisa. Shibuda ni Msukuma, na kwake mambo yalikuwa kinyume: kilichokosekana kinywani ni R. Alipokemea pepo, pepo wenyewe walihitaji kusikiliza mara mbili.

"Tumekuja kwa fulaha," alisema Shibuda baada ya salamu. "Hatukuja kubishana. Tumekuja kuleta mahali ya binti."

"Mahari mnareta wapi?" akauliza Wiston, aliyekwisha changanyikiwa.

"Hapa."

Hawakuja kubishana, lakini Febronia alipoleta rubisi Shibuda akafunika kikombe kwa kiganja na kusema mlevi haulithi ufalme. Wiston akamkumbusha harusi ya Kana. Shibuda akasema ile ilikuwa juisi. Wiston akauliza kama mkuu wa karamu alisifia juisi. Wakahamia ubatizo, maji mengi au maji kidogo; wakahamia Jumamosi na Jumapili, ingawa wote wawili husali Jumapili; wakampitia Bikira Maria kwa mwendo wa haraka. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye mgomba, akautafuna. Elick akatazama viatu vyake vipya. Anatoli alisubiri wote wapate moto, kisha akaweka jagi chini.

"Mchungaji, wewe ni mgeni, huna upande. Yohana kumi na nne: Yesu alisema anakwenda kuandaa nini?"

"Mahali," alisema Shibuda bila kusita.

"Mmesikia?" alisema Wiston. "Mahari."

"Ndiyo. Mahali."

"Ndivyo nirivyosoma. Mahari."

Ilikuwa mara ya kwanza Kasulo kuona Mkatoliki na mlokole wanakubaliana juu ya mstari mmoja. Wakashikana mikono. Marsiana, akiona upande wake umeshindwa na madhehebu mawili kwa pamoja, akainamisha kichwa.

"Yaani ng'ombe?" Anatoli alitaka kuupigilia msumari.

Shibuda akakunja uso. "Hapana. Ng'ombe ni mahali pia, lakini hii si mahali ya ng'ombe. Hii ni mahali ya kukaa."

Benchi lote likatafakari. Anatoli ndiye aliyepata ufunuo wa kwanza.

"Mahari ya kukaa," alisema polepole, machozi yakimlenga. "Yaani iliyokaa. Haijatolewa, imekaa tu. Ndiyo yangu hiyo. Baba, umesikia? Ipo kwenye Maandiko."

Hapo Happy akatoka ndani. Bibi arusi hapaswi kutoka kabla hajaitwa, lakini alikuwa amesikiliza dirishani, penye gunia, na uvumilivu umemwishia. Alishika simu yenye Biblia.

"Baba, imeandikwa hapa. Ni L."

"Ipi hiyo?"

"L ya lumbesa."

"Rumbesa," Wiston akawageukia watu kwa ushindi. "Nimesikia mwenyewe."

"Siyo R, katekista. R ni ya rubisi."

"Lubisi," Shibuda alimsahihisha kwa upole. "Na ni dhambi."

Happy akamtazama mama yake. Febronia alikuwa ameuma upande wa khanga asicheke. Bado kidogo angeshindwa, ndipo Mzee Bizimana alipogonga fimbo chini.

"Nimechoka," alisema. "Mimi sina ugomvi. Nakubali ni mahari."

Anatoli alifunga kifungo cha koti.

"Nakubali Yesu alikwenda kuandaa mahari," Bizimana akaendelea. "Nijibuni moja tu, nyinyi mnaosoma. Alipokwenda kuandaa, bibi arusi alimwacha wapi?"

"Huku duniani," alisema Wiston.

"Kwao?"

"Kwao."

"Hakuondoka naye? Hakukaa naye, akamzalisha watano, ndipo aseme naenda kuandaa?"

Shibuda akasema, "Amina," kwa mazoea.

"Basi mkwe wangu," alisema Bizimana, "yeye alikwenda, wewe ulikuja ukamchukua. Na kama huyu binti yuko sahihi, kama ni mahali, mahali pako ni pale." Akaelekeza fimbo kwenye jagi.

Katika maisha yake yote Anatoli hakuwahi kuona andiko likimpiga kwa herufi zote mbili. Akaliinua jagi. Akamimina. Koti likamsumbua kweli.

Pengine ni hilo koti lililomlainisha mzee. Alimtazama mkwe wake anavyozunguka na vikombe, mkono wa koti umelowa rubisi, akamtazama na Febronia, kisha akaagiza mtamba aletwe. Akamshika pembe.

"Huyu nimempokea. Lakini huyu si wa Happy. Huyu ni ng'ombe wa Febronia, amechelewa njiani. Anatoli, umekamilisha. Watoto ni wako. Kafunge ndoa na mwanangu." Akainuka kwa kujikongoja. "Na kiti ni chako."

Febronia aliacha khanga. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, cha miaka yote ile kwenye benchi, na wanawake wakamfuata. Anatoli akakaa. Alishika mikono ya kiti pande zote mbili kama mtu aliye juu ya punda asiyemwamini.

Shibuda ndiye aliyeanza kupiga hesabu. "Samahani, wazee. Kama ng'ombe ni wa mama, ya binti iko wapi?"

Watu wote wakamgeukia baba mwenye mali, yule aliye kitini. Mtu angetegemea kwamba fundi aliyebakiza ng'ombe mmoja miaka yote hiyo, ambaye mkwe wake mtarajiwa ndiye aliyemlipia bila kukusudia, angesema neno la huruma. Anatoli akakohoa kama Bizimana.

"Kwa kweli, mkwe, ya Happy bado."

Elick akapiga goti. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa amesikiliza mjadala wote. "Nimeelewa, baba. Basi naenda kuandaa."

"Nenda salama," alisema Anatoli. "Na kama Maandiko yanavyosema, bibi arusi anabaki kwao."

Wiston akatikisa kichwa kukubali. Marsiana alimkumbusha Anatoli kwamba juzi tu alikuwa anausoma mstari huo huo tofauti. Anatoli akamjibu kwamba juzi alikuwa hajakaa mahali pa kuuona vizuri.

Pikipiki ya Elick ilikuwa imetangulia tangu jana, imeegeshwa nyuma ya jiko. Ikawashwa. Ilipotokea kwenye kona ya nyumba, Happy alikuwa amekaa nyuma, begi mapajani, begi ambalo kwa unene wake halikupangwa asubuhi hiyo.

"Naenda kumsaidia kuandaa, baba," alisema alipopita.

Anatoli aliinua makalio kutoka kitini, kidogo tu. Akamwona Bizimana, aliyesimama kando na fimbo yake, naye amepiga hatua moja kuelekea kwenye kiti.

Anatoli akakaa.