Ufagio wa Mashini

Mimi ndiye niliyekuwa na mashini ya intaneti pale bandarini Nchelenge, na asikudanganye mtu kwamba ilikuwa ya mume wangu. Mume wangu alikuwa wa nyavu na mitumbwi. Mashini niliinunua kwa jasho la chisense, vile vidagaa vya ziwa letu nilivyokausha na kuvipeleka Kitwe miaka na miaka. Waya wa simu uliingilia dirishani. Nikipiga Lusaka, mashini inalia kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu ukurasa unaanza kushuka mstari kwa mstari, na wateja wanangojea na viti vyao.

Fundi wa Kitwe aliyeniuzia alinionyesha kitu kimoja ambacho sikukisahau. Kila mlango unaouingia humo ndani, wenye mlango wanakuwekea alama. Siku hizi nasikia zinaitwa kuki, wengine vidakuzi; sisi hatukuwa na jina lake. Wateja niliwaeleza hivi: wafanyabiashara wetu hufunga kipande cha kitenge kwenye kifurushi cha samaki, ili hata vikichanganyika ndani ya boti, mwenyewe akijue chake ng'ambo. Basi na wewe umefungwa kitenge. Ukirudi wanakuita kwa jina, wanakufungulia sanduku la barua bila kuuliza neno la siri. Ni raha, kama mashini ni yako peke yako. Hii yangu ilikaliwa na bandari nzima. Ukiondoka na kitenge chako kikabaki, anayekaa baada yako ndiye anayefunguliwa.

Kwa hiyo kwangu sheria ilikuwa moja: ukimaliza, fagia. Futa alama, futa na njia ulizopita, ndipo uondoke. Neno hilo nililichagua mwenyewe, maana hakuna mwanamke wa Kabuta wala wa Chisenga asiyefagia uwanja asubuhi kabla hajasalimia watu. Nilimfundisha kila mteja isipokuwa mmoja, na huyo nakuja kwake.

Yaya, dada yangu mkubwa, alifiwa na mume upande wa Kongo. Matanga hayajaisha, ndugu za marehemu wakaanza kusema mtoto ni wa ukoo wao, apelekwe ndani ya Kongo kwa bibi yake, na mama yake aende zake. Mtoto mwenyewe alikuwa binti, meno ya utoto ndiyo kwanza yanang'oka. Yaya akamshika mkono, wakavuka ziwa, wakajificha kisiwani Chisenga kwenye kambi ya wavuvi. Kaka yetu aliyekuwa Ubelgiji alikuwa anawatafutia njia ya kwenda kwake. Barua zake zilifikia kwenye mashini yangu, na yaya alivuka na boti ya samaki kuja kuzisoma.

Aliyekuwa anawatafuta ni mdogo wa marehemu, shemeji yetu, mwuza betri na sabuni. Naye alikuwa mteja wangu! Mashini ilikuwa hiyo hiyo moja, na mlango wa barua zake ule ule wa yaya. Kumfukuza kungekuwa kumwambia, tafuta hapa. Alikuja na adabu zake zote, anavua kofia, ananiuliza habari za yaya kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Hata sijue, shemeji," namjibu. "Kongo ni mukubwa." Nilimchukia mpaka kikohozi chake.

Siku moja yaya alichelewa kufika na binti yake, ziwa lilikuwa limechafuka. Nikamkalisha kwenye mashini, nikamwachia ufunguo, maana tulikuwa na mazoezi ya kwaya kanisani.

"Yaya, ukimaliza, fagia."

"Ndiyo, mudogo yangu."

Wakalala kwangu, nyuma ya soko. Asubuhi nikamkuta uwanjani ameinama, anafagia vizuri kabisa. Nikamwuliza, hivi hivi tu, kama jana na mashini aliifagia. Akanitazama kama nimemtukana.

"Na mangaribi? Jua ilikuwa imekwisha kuingia! Mutu anafagia mangaribi ni kufukuza baraka mu nyumba. Ngoja nimalize uwanja, niende nifagie sasa."

Mayo wandi, mama yangu! Sikujua nicheke au nilie. Yeye hakuwa mjinga, nielewe vizuri. Mama yetu alitulea hivyo: jua likizama, ufagio unalala. Kosa ni kwamba sikuwahi kumwambia kuwa mashini haina mangaribi. Nilikimbia pekupeku mpaka bandarini.

Mlango ulikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amekwenda mapema kuchukua nyavu, na kwa ukarimu wake ambao hakuna aliyemwomba, akamfungulia mteja. Alijua yaya amelala kwetu. Hakujua kwamba jina la yaya limelala ndani ya mashini. Shemeji alikuwa ameketi, kofia magotini. Mashini imekwisha kulia, ukurasa wa barua umeanza kushuka, na yeye anatazama boti dirishani huku akingoja. Kichwa cha ukurasa kilikuwa kimefika. Chini yake lingekuja jina la yaya, na chini ya jina barua ya kaka, na kwenye barua ile Chisenga iliandikwa waziwazi.

Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango. Niliushika, nikaanza kufagia kwa nguvu kuelekea miguu yake.

"Shemeji, pardon! Unaikala mu takataka, haya yangu mimi. Simama, nisikupitishe ufagio ku miguu!"

Kwetu mwanamume akifagiwa miguu, biashara yake inakauka. Yule mtu ambaye hakumwogopa mjane wala yatima aliruka, akawa barazani kabla sijamaliza kusema. Mkono mmoja ufagio, mkono mwingine kipanya. Nikakata simu. Nikafuta alama, nikafuta njia, huku mguu wangu unapiga ufagio sakafuni asikie kwamba kazi inaendelea. Mashini ikaniuliza kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika namna ile.

"Karibu, shemeji. Sasa ni safi."

Akakaa, tukapiga upya, na safari hii mashini ikamwuliza jina na neno la siri kama mgeni asiyejulikana.

"Mashini yako haijue mutu," akalalamika.

"Haijue mutu, shemeji. Ile njo kazi yake."

Akaandika, akalipa, akaondoka. Kufagia hakufagia, maana ndiye yule mmoja niliyemnyima somo. Sanduku lake likabaki wazi mbele yangu. Nilisoma? Nilisoma, na haya sina. Alikuwa amewaandikia wakubwa wa ukoo wake kwamba Nchelenge hakuna habari yoyote, kwamba kesho anarudi Kasenga, upande wa Kongo, kuulizia huko. Nikashukuru Mungu, nikamfagilia na yeye.

Yaya hakurudi Chisenga siku ile. Nilimweleza yote jikoni, bila kupunguza. Alilia kwanza, halafu akamlaza binti yake. Jua lilipozama, wanawake wote wakiwa kwenye mbabula zao za mkaa, akatoka na ufagio. Akaanza mlangoni, akielekea barabarani.

"Mama!" jirani akapiga kelele. "Unafukuza baraka!"

"Baraka yangu iko mu nyumba, inalala," yaya akasema, na hakuinua kichwa. Alifagia mpaka vinyayo vya yule mtoto vikaisha vyote kwenye mchanga.