Msichana Wangu Amemwita Mtoto Jina ya Mzee wa Filamu

Admin, ficha jina yangu, ingawa Othaya yote watanijua tu kwa maringo. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, niko na kahawa, ng'ombe wanne wa gredi, na sauti. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hii naandika mwenyewe na kidole moja.

Mwaka jana msichana wangu mkubwa alikuja nyumbani na tumbo, bila bwana. Nilimtupia nguo kwa matope majirani wakiona. Sijutii.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na vijana wanatengeneza filamu ya kuchekesha, wanatafuta mzee wa kuigiza baba mkali. Walinisikia nikigombana kwa mkutano ya kahawa, wakasema ni huyu. Nikaitwa Mzee Gathogo. Huyo Gathogo anafukuza msichana wake, halafu mwisho anapiga magoti: "Mtoto wangu, nilikukosea. Rudi nyumbani." Tulirudia mara tisa. Kamera ndiyo ilikuwa inakosea, si mimi.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa kanisa ulijaa. Watu walicheka, halafu pale Gathogo anapiga magoti wakalia, hata pasta. Nikitoka nje nasalimiwa kama mbunge, msichana wangu akanishika koti.

"Baba, hayo maneno niambie na mimi."

"Yule ni mtoto wa filamu. Wewe ni aibu."

Watu walisikia. Akasema tu, "Sawa, Baba."

Akazaa kijana. Kwetu msichana akizaa kabla hajaolewa, kijana wake wa kwanza hupewa jina ya baba ya msichana. Kwa hivyo ni mimi nimezaliwa! Nikachinja mbuzi, nikatangazia soko yote, nikaenda na bibi yangu kumwona.

"Ati nilizaliwa na kilo ngapi?" nikauliza.

"Huyu sio wewe," msichana wangu akasema bila kuinua macho. "Huyu ni Gathogo."

"Gathogo si mtu!"

"Ndiye mzee aliomba msamaha. Nilimwona kwa ukumbi."

Bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Sasa hata wauza viazi wananiita Guka, yaani babu, wa Gathogo.

Cheti ya kuzaliwa bado haijaandikwa. Amesema nikimwambia yale maneno bila kamera, ataandika jina yangu.

Nyinyi wasomaji, nishaurini, nifanye nini nipate jina yangu? Lakini mtu asiniambie niombe msamaha. Hiyo nilishaomba, na kila mtu aliona.