Magoti ya Dereva

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo viganja vinatoka jasho. Jana nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba tairi lolote linaloingia kwenye rimu ya gari lako ni lake. Niliogopa. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, na nusura yaue watu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana, dereva wa Mzee Salum, muuza nguo wa Iringa. Dereva wa siku zile alikuwa mtu! Kaki imepigwa pasi, kofia imekaa upande, watoto wanakimbilia vumbi lako. Nilijiona sana, sikufichi.

Mzee Salum akanituma Mbeya kumchukua mkaza mwanawe, Bi Zuhura, aliyekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Arobaini ilikuwa imekwisha, na babu alikuwa akimngoja mjukuu. Nikiwa karibu kuingia Mbeya, tairi la mbele kulia likapasuka. Nikafunga la akiba, nalo lilikuwa kipara kitupu, kisha nikaenda kwa Mzee Ambakisye, fundi wa matairi karibu na soko. Alikuwa na tairi moja lililotumika, meno yake bado marefu.

Mimi nilikulia kwenye duka la nguo, na huko kila kitu ni kupima. Nikachukua uzi, nikapima tundu la tairi langu lililopasuka, nikapima na la lile jingine. Sawasawa!

"Lifunge," nikasema.

"Umepima tundu, baba, hujapima mwili," akasema yule mzee. "Namba zimeandikwa ubavuni. Piga magoti usome zote, siyo ile ya mwisho tu. Hili ni la gari kubwa."

Nipige magoti mbele ya soko zima, wauza ndizi wakinitazama, na kaki yangu ile? "Mzee, dereva ni mimi," nikamjibu.

Akalifunga ili nijionee mwenyewe. Nikazungusha usukani kulia na kushoto, tairi halikugusa kitu. Nikacheka.

"Gari tupu halisemi ukweli," akasema, akainama kulifungua tena. Nikawasha gari nikaondoka. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu.

Asubuhi yake tukapakia. Bi Zuhura alikaa nyuma na mtoto kifuani, shangazi yake pembeni, na magunia mawili ya mchele wa Kyela. Gari likakaa chini. Tulipopita Uyole na kuanza kushuka kuelekea Inyala, kwenye kona ya kwanza nikasikia kitu kinakwaruza. Nilijua. Nakuambia kweli, nilijua pale pale.

"Baba, mbona kunanuka mpira?" akauliza shangazi.

"Ni breki mpya, shangazi."

Ningeweza kusimama. Niliona haya, nikaendelea.

Kona ya pili ilikata kushoto, na kulia palikuwa na korongo. Gari likalalia upande wa kulia kwa uzito wake, usukani ukafika nusu, ukagoma. Tairi lilikuwa limenasa kwenye bati la juu yake. Nikavuta kwa mikono miwili, halikugeuka. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote nikiliona korongo linakuja, na sala zote nilizofundishwa zikanipotea. Gari lilisimama ukingoni. Mawe yakatangulia kushuka, nikayasikia yakienda, yakienda.

Nyuma kukawa kimya. Mtoto hakulia, na hilo lilinitisha kuliko korongo. Sikuthubutu kugeuka.

"Mtoto?" nikauliza.

"Amelala," akasema Bi Zuhura, meno yakigongana.

Wakatoka mmoja mmoja, polepole, kwa mlango wa upande wa mlima. Shangazi akanitazama. "Ndizo breki zako mpya hizo, baba?"

Nikapiga magoti vumbini, nikasoma. Matairi mengine yaliandikwa 5.60-15. Lile langu, 7.10-15. Namba ya mwisho, ile ya tundu, ilikuwa sawa, ndiyo maana uzi haukuona tofauti. Namba ya kwanza ndiyo unene, na unene ndio uliotupeleka ukingoni.

Lori la mbao likawarudisha kina mama Mbeya. Mimi nikafunga kipara, nikarudi mwendo wa konokono hadi kwa Mzee Ambakisye. Hakunigombeza. Aliangalia magoti yangu yenye vumbi, akasema, "Sasa umekuwa dereva." Akanitafutia tairi la namba yangu, nami nikapiga magoti tena pale sokoni nikaisoma kwa sauti. Wauza ndizi walicheka, na wacheke. Kesho yake nikawafikisha kina mama Iringa, babu akampakata mjukuu wake.

Basi sikiliza, mwanangu. Tairi kuingia kwenye rimu si kulifaa gari. Soma namba zote za ubavuni, uzilinganishe na kitabu cha gari lako. Usichanganye kubwa na dogo kwenye magurudumu ya mbele. Ukijaribu gari, lijaribu na mzigo, kwa maana hakuna anayesafiri na gari tupu. Na pua ikikuambia kuna kitu kinaungua, simama hapo hapo, haya utaiona baadaye. Mtoto yule leo ana wajukuu, nami kila nikimwona huwa nasikia yale mawe.

Nenda, Mungu akutangulie kwenye kila kona. Akufikishe wewe na waliokaa nyuma yako, na suruali yako isikose vumbi magotini.